Mtoto Mbele ya Koleo

Aghalabu mtoto wa kwetu hulijua jina la daktari kabla hajamwona daktari mwenyewe. Hulisikia jikoni na uani, pindi mama anapochoka: "Nyamaza, la sivyo nitakupeleka ukachomwe sindano!" Tisho hilo ni rahisi, halihitaji fimbo, na mtoto hunyamaza. Lakini deni lake hulipwa siku jino linapouma.

Hapa Ipililo jino bovu husubirishwa. Kwanza huwekwa karafuu, kisha maji ya chumvi, kisha vidonge vya dukani, na mtoto afikapo hospitali shavu limekwisha kuvimba. Basi mara ya kwanza anapokutana na daktari wa meno huwa ana maumivu, hajalala, naye ameahidiwa sindano tangu akiwa mchanga. Akipiga mateke watu husema ni mkaidi. La hasha! Mkaidi hujua alitendalo; mwoga hutafuta mlango tu.

Nilipata kumwona mvulana wa miaka saba akishikwa na watu wazima watatu, mmoja miguu, mmoja mikono, mmoja kichwa. Njiani baba yake alikuwa amemwambia kwamba daktari anataka kutazama tu. Jino lilitoka, na imani ya mtoto kwa neno la baba ilitoka pamoja nalo. Jino la pili lilipooza, alilificha hata chakula kikamshinda. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Upo pia woga usiopiga kelele. Huku Usukumani mtoto hufunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Huketi kitini kimya, watu wakamsifu kuwa jasiri, kumbe viganja vimelowa jasho. Huyo naye anahitaji kuulizwa hali yake, tena kwa upole.

Mwaka 1959 daktari wa meno Mmarekani, Addelston, aliandika juu ya njia ya hatua tatu: mweleze mtoto, mwonyeshe, kisha tenda. Mwalimu yeyote aliyepita chuo cha ualimu ataitambua njia hiyo. Mtoto aonyeshwe kioo kidogo, akiguse, ajitazame, ndipo kiingie kinywani. Tena akubaliwe kuinua mkono anapotaka daktari asimame kidogo. Na akiuinua, daktari asimame kweli. Mtoto mwenye uwezo wa kusimamisha kazi huivumilia kazi hiyo zaidi.

Nchi yetu nayo ina sehemu katika jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ilianza kutumika njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuliziba jino, bila mashine ya kutoboa wala umeme, na mara nyingi bila sindano. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa. Mashine isipovuma, mtoto naye hutulia. Lakini njia hiyo hulifaa jino lililowahiwa. Uozo ukifika kwenye kiini cha jino, haisaidii.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kazi kubwa ni yako, tena huanza nyumbani. Usimtumie daktari kuwa zimwi. Mpeleke mtoto atazamwe meno siku asiyoumwa, hasa afikapo miaka sita, maana magego ya kwanza ya ukubwani huota wakati huo nyuma ya meno ya utoto, na wengi huyadhani ni ya kung'oka. Wala usimwambie, "Haitauma." Mwambie, "Utachomwa kidogo, kisha mdomo utakufa ganzi. Utasikia kuvutwa, nami nitakuwa hapa." Hayo ni kweli, na mtoto atayakuta kama ulivyosema. Siku nyingine ukimwambia jambo zito zaidi ya jino, atakuwa na sababu ya kukuamini.