Joto Linakwama Wapi?

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo lililotupata nyumbani, ingawa jarida hili ni la mbinu za kufundishia wala si la mambo ya nyumbani. Tunamwomba msomaji, hasa mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, atuvumilie kidogo, kwani jambo lenyewe lilianzia darasani, na darasani ndiko liliko deni letu.

Miaka miwili iliyopita tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi wilayani Serengeti, upande wa Mugumu. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha somo la sayansi, mada ya joto. Andalio lake lilikuwa safi: mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kutaja njia tatu za kusafiri kwa joto, yaani mpitisho, myuko na mnururisho. Kwa zana aliazima pikipiki ya mwalimu mmoja, iliyokuwa imezimwa tangu asubuhi na kupoa kabisa. Aliiegesha mlangoni, akawaonyesha watoto yale mapezi yanayoizunguka silinda ya injini. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma aliposimama na kuuliza, "Mwalimu, kama chuma hupitisha joto vizuri, kwa nini wamekikatakata? Si wangeacha bonge zima, lipitishe zaidi?"

Mwanachuo alinyamaza, kisha akasema kwamba hata yeye hakuwa na jibu la kutosha, kwa hiyo walitafute pamoja. Dakika zote zilizobaki zikaishia hapo. Mtoto mmoja alisema mapezi yamewekwa ili injini iwe nyepesi. Mwingine akataja masikio ya tembo, kwa sababu watoto wa kule wamemwona tembo akiyapunga mchana wa jua kali. Wenzake wakamcheka. Kengele ikalia, na zile njia tatu hazikuwa zimeandikwa ubaoni. Sisi tuliandika katika fomu: "Lengo la somo halikufikiwa. Mwalimu hajaimudu mada." Alama yake ikawa ya chini kuliko za wenzake wote wa kituo kile. Jioni tulipompa maelezo alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekuelewa, Mkufunzi," akaenda zake.

Tuliyasahau hayo. Mwaka uliofuata shemeji yetu mmoja, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kukaa kwetu Tarime akingoja kwenda chuoni, alitushawishi tuunde kompyuta ya kuchezea michezo kwa vipuri vilivyokwisha kutumika. Wazee wetu wa kazi wangetushangaa, maana mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na hii leo mkufunzi anaunganisha yake juu ya meza ya kulia chakula. Kipuri kimoja tulikipata Mwanza, kingine kililetwa na kijana fundi kupitia Sirari. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ilikuwa Intel Core i5-2500K, aina iliyotolewa mwaka 2011. Ni kuukuu, lakini ina sifa moja iliyomvutia sana shemeji: mwenye nayo huruhusiwa kuizidishia kasi.

Yafaa tueleze maana ya kuzidisha kasi. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mithili ya wapiga makasia wa mtumbwi wanaofuata sauti ya kiongozi wao. Hii yetu ilitoka kiwandani ikiwa na mapigo bilioni 3.3 kwa sekunde, yaani gigahezi 3.3. Msingi wake ni megahezi 100, nao huzidishwa mara 33. Katika menyu ya mipangilio ya kompyuta mtu aweza kuiondoa 33 na kuweka namba kubwa zaidi. Tukaweka 44. Lakini makasia yakienda mbio wapiga makasia huhitaji chakula zaidi. Nayo prosesa ilizimika mpaka tulipoipandishia umeme kutoka volti 1.20 hadi 1.40. Hapo ikatulia, tukapongezana.

Furaha hiyo ilidumu dakika 10 za mpira wa miguu. Feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga, wachezaji katika skrini wakawa wanarukaruka badala ya kukimbia. Programu ya kupima joto ilionyesha nyuzijoto 97. Prosesa za namna hii zinapokaribia nyuzijoto 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. "Shemeji," akasema kijana, "imekuwa pole kuliko tulivyoinunua." Alisema kweli.

Tulichukua karatasi tukapiga hesabu, na hesabu hii mwanachuo yeyote aweza kuifuata. Joto linalotolewa na prosesa huongezeka takribani kwa kadiri ya mapigo, ukizidisha kwa kipeo cha pili cha volti. Mapigo yaliongezeka kutoka 3.3 hadi 4.4, yaani mara 1.33. Volti ziliongezeka mara 1.17 hivi, ambayo kipeo chake cha pili ni 1.36. Zidisha 1.33 kwa 1.36, upate 1.81. Tulikuwa tumeongeza kasi kwa theluthi moja, na joto kwa zaidi ya theluthi mbili. Tena joto lote hilo hutoka katika kipande cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 216, ambalo ni dogo kuliko stempu nyingi za barua. Kwa kila sentimita ya mraba, hata kabla ya kuzidishwa kasi, kipande hicho hutoa joto mara kadhaa kuliko pasi ya umeme. Wala tusijione wajinga peke yetu: mwaka 2004 kampuni ya Intel yenyewe iliachana na mpango wa kuuza prosesa ya Pentium 4 ya gigahezi 4, na tangu miaka ile viwanda vikageukia kuweka viini vingi ndani ya prosesa moja badala ya kukimbiza kiini kimoja, kwa sababu joto lilikuwa limewashinda. Washindani wa mbio hizi hutumia vimiminika vya baridi kali, kama nitrojeni inayochemka kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Mwaka 2011 prosesa ya AMD ilifikishwa hivyo karibu gigahezi 8.4. Sisi tulikuwa na feni ya mezani.

Sasa tunafika penye aibu yenyewe. Tumefundisha mada ya joto kwa miaka minane. Mpitisho ni joto kupita katika kitu kigumu kutoka chembe hadi chembe. Myuko ni joto kubebwa na hewa au kimiminika kinachosogea. Mnururisho ni joto kusafiri bila kuhitaji kitu cha kupitia, kama lile la jua. Tungeamshwa usiku wa manane tungeyakariri. Na bado, tulipokuwa mbele ya kompyuta yetu, maneno hayo matatu hayakutuambia hata mahali pa kuweka bisibisi. Tuliondoa ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani ndani: nyuzijoto 97 zikawa 93. Tukanunua feni kubwa zaidi ya kasha: ikabaki 93. Tukasingizia hewa. Ni kweli kwamba Tarime iko kama mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya saba, hivyo feni husukuma hewa haba zaidi. Lakini ni kweli pia kwamba jioni za Tarime watu huvaa sweta.

Aliyetufungua macho ni shemeji, bila kukusudia, alipotusimulia habari za kuogesha ng'ombe kwao kijijini. Alisema zizi la kungojea josho lilipanuliwa, na bado foleni haikupungua, kwa kuwa ule mfereji wa dawa ni wa ng'ombe mmoja mmoja. Tukatazamana. Joto nalo lilikuwa katika foleni. Hutoka katika silikoni, likaingia kifuniko cha chuma cha prosesa, likavuka kwenda kwenye kipozeo cha alumini, likasambaa katika mapezi, likachukuliwa na hewa, na hewa ikatoka nje ya kasha. Vituo ni vingi, na foleni huamuliwa na kile kilicho chembamba kuliko vyote. Sisi tulikuwa tunapanua zizi.

Tukakibandua kipozeo. Katikati ya kipozeo na prosesa hupakwa uji mzito wa kijivu ambao mafundi huuita pesti. Wa kwetu ulikuwa umekauka na kupasuka kama tope la lambo lililokaushwa na kiangazi. Vyuma viwili, hata ving'ae vipi, havigusani kila mahali. Kati yake hubaki vishimo vidogo vyenye hewa, na shaba hupitisha joto takribani mara 15,000 kuliko hewa. Kazi ya pesti ni kuifukuza hewa hiyo tu. Duka la karibu halikuwa nayo. Shemeji akapaka dawa ya meno, akisema amesikia kwa wenzake kwamba inafaa. Jioni ile ikasoma nyuzijoto 84, naye akatamba. Siku ya tano ikasoma 95, maana dawa ya meno ina maji, na maji yalikauka. Pesti halisi ilipofika kwa basi tulipata 82, wala haikupanda tena siku zilizofuata. Kitone cha ukubwa wa punje ya mtama kilikuwa kimefanya kazi iliyozishinda feni mbili.

Baada ya hapo foleni ilihamia kwingine, na hili ndilo lililotupendeza kuliko yote. Kompyuta ilikaa ndani ya kabati la mbao kwa kuogopa vumbi jekundu la barabara. Mlango ukifungwa nusu saa, 82 zilipanda hadi 91, kwa kuwa hewa ya moto iliyotoka nyuma ilizunguka na kuingia tena mbele. Tulitoboa matundu chini upande wa mbele na juu upande wa nyuma, tukaweka kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. Zikashuka hadi 84. Mwishowe tulipunguza tamaa: gigahezi 4.2 kwa volti 1.28. Kasi iliyopotea haikuonekana katika mchezo wowote, na joto likawa nyuzijoto 72.

Usiku mmoja katika siku hizo, tukikisafisha kipozeo kwa mswaki, tulijikuta tukihesabu mapezi yake, na swali la yule msichana likarudi. Kwa nini wamekikatakata? Mwanachuo aweza kulijibu kwa kipande cha mche wa sabuni. Kata mchemraba wenye ubavu wa sentimita 6. Nyuso zake 6 zina jumla ya sentimita za mraba 216. Sasa ukate vipande bapa 12, kila kimoja na unene wa nusu sentimita, uvitenganishe. Kila kipande kina sentimita za mraba 84, navyo vyote 1,008. Sabuni ni ile ile, lakini mahali pa kugusana na hewa pameongezeka zaidi ya mara nne. Bonge zima lingelipokea joto upesi, kisha likakaa nalo, kwa kuwa foleni iko mlangoni kwa hewa. Na yule mtoto aliyechekwa alikuwa ameshika jibu mkononi: masikio ya tembo ni mapana na membamba, yamejaa mishipa ya damu, na tembo huyapunga ili hewa iiondolee damu hiyo joto. Mapezi na feni, vyote viwili.

Kwa hiyo lile somo tulilolipa alama ya chini lilikuwa limefika mahali ambapo sisi tulihitaji prosesa iliyochemka ili tufike. Darasa lilikuwa limekwisha kuuliza joto linakwama wapi. Tulichokipima sisi ni kama maneno matatu yaliandikwa ubaoni.

Tulikwenda kuuliza kama alama ile yaweza kurekebishwa. Haikuwezekana, karatasi zilikuwa zimekwisha kutumwa na matokeo kutoka. Tulimwandikia barua mwanachuo huyo, ambaye sasa ni mwalimu anayejitolea katika shule moja ya Serengeti, tukamweleza haya yote pamoja na hesabu ya sabuni, na tukakiri kwamba kosa lilikuwa la mkaguzi. Hatukujua atalipokeaje. Majibu yalikaa wiki tatu. Hakugusia alama hata kwa neno moja. Aliuliza kama kile kipozeo cha zamani bado tunacho, kwani tulikuwa tumemwandikia kwamba mguu wake mmoja ulivunjika tulipokuwa tukikirudisha na tukalazimika kununua kingine. Alisema Darasa la Sita wako mwezi mmoja kabla ya mada ya joto, na pikipiki ya mwalimu mwenzake imeuzwa. Tulikifunga katika gazeti, tukatia na kitone cha pesti kilichosalia ndani ya kifuniko cha kalamu, tukampa kondakta wa basi la asubuhi liendalo Mugumu.