Safari ya Kangemi: Mgonjwa Naye Aulizwe Uji

Asubuhi moja panda matatu pale Kangemi, ufuate Waiyaki Way kuelekea mjini. Abiria akianza kujisemea peke yake, kabla hamjafika Westlands huenda ukamsikia makanga akifoka: "Huyu apelekwe Mathari!" Watu watacheka. Wewe usicheke.

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 300 ana skizofrenia, maradhi yanayoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Jaza matatu 22 za abiria 14, na yamkini mmoja wao anayo. Huenda ni yule aliyetulia kando yako, aendaye kazini Tom Mboya Street, tembe zake mkobani.

Hospitali hiyo ya Mathari, iliyoko Thika Road, ilianza mwaka wa 1910, enzi za mkoloni. Tangu hapo wengi wameshikilia ule msemo: mgonjwa haulizwi uji. La hasha! Sheria ya afya ya akili, iliyorekebishwa mwaka wa 2022, yampa mgonjwa haki ya kushiriki kupanga matibabu yake. Basi dawa ikimlemea kwa usingizi au kumtetemesha mikono, asiitupe kimyakimya. Amweleze daktari waziwazi, watafute pamoja inayomfaa. Kujitetea si ujeuri.

Tumaini nalo lipo. Shirika hilohilo lasema angalau mgonjwa 1 kati ya 3 aweza kupona kabisa.

Una ndugu wa namna hiyo? Jioni ukirudi Kangemi, keti naye umuulize: "Wewe wataka uji gani?"