Kitufe cha "Hifadhi" na daftari la madeni

Niko Mtumba. Kwa msiopafahamu, hapa ndipo ulipo Mji wa Serikali, nje ya Dodoma mjini kwenye barabara iendayo Dar es Salaam. Sisi waandishi wa habari siku nyingi tunashinda kwenye korido za wizara tukisubiri taarifa isainiwe. Kusubiri huko ndiko kulikonipa muda wa kujifunza kitu ambacho shahada yangu haikunifundisha: kutengeneza programu za kompyuta zenye madirisha, vitufe na menyu.

Sizungumzii tovuti wala programu za simu. Nazungumzia ile inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, intaneti iwepo isiwepo.

Kisa ni dada mmoja mwenye stesheneri hapa jirani. Ana kompyuta moja ya mezani, mashine ya fotokopi na daftari la madeni. Wateja wake wengi ni watu wa maofisini: kopi leo, malipo mwisho wa mwezi. Ukurasa ukichanika, mtaji umekwenda. Bando la kuchezea hana, na majina ya wadaiwa wake hataki yakae kwenye kompyuta za watu asiowajua. Nikamwambia, dada, nitakutengenezea.

Nilichagua Python, lugha ya programu aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991. Ni ya bure, na ukiisakinisha kwenye Windows inakuja na vitu viwili nilivyovihitaji: Tkinter ya kutengenezea madirisha, na SQLite inayotunza kumbukumbu zote ndani ya faili moja. Faili hilo unalinakili kwenye flashi jioni, unaondoka nalo.

Ugumu ulikuwa kwenye namna ya kufikiri. Mimi nimezoea habari: naamua nini kitangulie, nini kifuate, na msomaji ananifuata. Programu ya madirisha haiendi hivyo. Unaweka vitufe, unaandika kila kimoja kikibonyezwa kifanye nini, kisha unaiacha isubiri. Anayeamua kianze kipi ni mtumiaji.

Nilielewa vizuri nilipomtazama dada kazini. Anakaa kaunta, hajui nani atafuata. Huyu anataka kopi, yule barua ichapwe, mwingine bahasha tu. Kila ombi anajua la kufanya, akimaliza anarudi kusubiri. Na akizama kwenye barua ndefu, wateja wanapanga foleni wakinung'unika. Ndivyo dirisha linavyoganda pale unapolipa kazi nzito: halijafa, lina shughuli. Dawa ni ile ile ya dukani, kazi nzito umpe kijana afanyie pembeni, kaunta ibaki wazi.

Likaja suala la maneno. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huo huo, kule California, watafiti wa Xerox waliwasha Alto, kompyuta yenye kipanya na skrini ya kuonesha picha. Yote mawili yalichelewa kumfikia mwananchi: Macintosh ilitoka 1984, na Mji wa Serikali ulizinduliwa Aprili 2019. Ila kompyuta zilipotufikia sisi, vitufe vyake vilikuwa vikisema Kiingereza.

Wapo waliohangaika kubadilisha hilo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nao wakaja na Windows ya Kiswahili. Nami nikajua maneno yapo tayari, ni kuyachukua tu. Kabla ya kuyaweka nikamsomea dada orodha.

"Hifadhi."

"Ya Ruaha au ya Mikumi?"

Tulicheka, lakini jamani, jibu lile lina uzito. Hifadhi ni Kiswahili safi, tena cha kamusi. Kwake yeye ni tembo na twiga. Nikamuuliza, wewe ukimkopesha mtu unafanyaje? Akasema, "Naandika." Kitufe kikawa "Andika deni". Kinachofuata kikawa "Kalipa". Pa kuweka "Ghairi" tukaweka "Acha". "Futa" alilikataa kabisa: deni halifutwi, linalipwa au linasamehewa. Basi kikaja kitufe cha "Samehe", ambacho nisingekiwaza peke yangu hata kwa mwaka mzima. Kwenye programu yake hakuna deni linalotoweka. Lililosamehewa linabaki na tarehe yake.

Juzi mteja mmoja, mwenye tai, alibisha kwamba hadaiwi. Dada akaligeuza skrini upande wake: jina, tarehe, idadi ya kurasa. Mzee akasoma mwenyewe, akatoa hela.

Tangu 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama zetu, na ni jambo jema. Lakini nadhani kazi kubwa zaidi iko kwenye vitu vidogo kama kitufe, na haiwezi kufanywa na mtaalamu akiwa amejifungia na kamusi. Aende kaunta, aulize watu wanasemaje.

Sasa dada anataka kitufe cha kuwakumbusha wadaiwa bila kuwaaibisha. Kiitweje, wadau? Mimi nimekwama kwenye "Kumbusha", yeye anasema neno hilo lina ukali.