Biwi na Dzaleka: Sehemu ya Pili Ilipokuja kwa Basi

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Lilongwe hana budi kuwa na subira. Akishavuka mpaka wa Kasumulu, basi hupita Karonga, hupanda milima hadi Mzuzu, kisha huelekea kusini mpaka kuufikia mji huo uliofanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975. Mimi nilikwenda kumjulia hali mjomba wangu, fundi cherehani wa siku nyingi katika mtaa wa Biwi.

Biwi ni mtaa wa watu wengi na nyumba zilizobanana. Kichewa ndiyo lugha ya mtaa, lakini mgeni akitega sikio penye maduka hakosi kukisikia Kiswahili. Jioni ya kwanza tuliwakuta vijana barazani wakitazama katika simu trela ya picha ya kutisha. Picha yenyewe ilikuwa bado kutoka, nao walikwisha kujua mzimu utarudi vipi. Mjomba akacheka. "Sisi, mpwa wangu," akasema, "sehemu ya pili ilitujia kwa basi."

Maneno hayo si mzaha. Televisheni ya taifa ya Malawi ilianza mwaka 1999 tu. Kabla ya hapo, na hata miaka kadhaa baadaye, mpenda sinema alitegemea kanda za video katika vibanda vya kulipia. Nazo picha za Nigeria zilizoenea Afrika nzima zilikuwa na desturi ya kukatwa vipande. Ile iliyofungua njia, Living in Bondage ya mwaka 1992, yahusu mtu anayemtoa mkewe kafara apate utajiri, kisha mzimu wa mke ukamwandama. Aliyetaka kujua mwisho wake alingoja sehemu ya pili ya mwaka 1993.

Je, watu walijuaje kwamba sehemu ya pili imetoka? Mjomba alinihesabia njia kwa vidole. Kwanza, kanda yenyewe: ilikoma pale moyo unapodunda, kisha maandishi yakamwambia mtazamaji angoje. Pili, jalada la kanda dukani. Tatu, ubao wa chaki mlangoni pa kibanda. Nne, na hiyo ndiyo kubwa, mdomo wa msafiri: dereva wa lori au mchuuzi aliyetoka Dar es Salaam ambaye amekwisha kuiona, na aliyeisimulia usiku kucha kwa malipo ya chai.

Udanganyifu nao haukukosekana. Siku moja ubao uliahidi sehemu ya pili. Watu wakalipa, wakajazana, kumbe ni picha nyingine kabisa yenye stelingi yule yule. Mwenye kibanda, mzee mzaliwa wa Uvira, aliwarudishia wote fedha zao. Tangu siku hiyo, asema mjomba, ubao wake uliaminiwa kuliko gazeti.

Niliuliza mzee huyo yuko wapi. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akanipa vipande viwili vya kitenge nimpelekee Dzaleka.

Dzaleka iko wilayani Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000, lakini idadi yao ilikwisha kupita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sokoni Kiswahili kilinipokea kana kwamba nimeshuka Kigoma.

Mzee alipokea kitenge kwa mikono miwili. Kibanda cha video kilipokosa wateja, alinieleza, alifungua duka la vyakula Biwi. Ndipo Machi 2023 serikali ilipowaamuru wakimbizi waishio nje ya kambi warejee, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya. Duka likafungwa. Enzi za video, yeye ndiye aliyeleta kambini kanda na habari kutoka mjini. Sasa wajukuu zake humwonyesha trela katika simu.

"Living in Bondage ilipata mwendelezo mwingine mwaka 2019," nilimwambia.

"Najua," akajibu. "Mjukuu aliniambia kabla haijatoka. Habari za sinema hazinipiti. Habari ninayoitaka ni ya duka langu, na hiyo hakuna simu inayoitoa." Kisha akauliza: "Ule ubao wangu, fundi anao bado?"

Nilimjibu kwamba anao. Huutumia kukatia vitambaa.

"Mwambie asiutupe," akasema.

Niliporudi Biwi nilifikisha salamu. Mjomba aliupangusa ubao kwa kiganja, akaendelea kukata suruali. Ndugu msomaji, simu hutufikishia habari upesi, nayo ni neema. Lakini watu wa Biwi walimwamini mzee yule kwa sababu waliujua mlango wake, na siku alipokosea walijua pa kumwendea. Mlango huo leo umefungwa.