Mpaka wa mama

Wiki mbili hizi nilikuwa nagombana na mashine.

Kaka yangu aliyeko Muscat alituletea roboti ya kufagia, ile ya duara inayojiendesha hadi chini ya makochi. Juu ina kinundu chenye leza inayozunguka. Inapima umbali wa kuta na vitu, kisha inachora ramani ya nyumba kwenye simu. Mimi nilifurahi, mama wala. Siku ya pili tu ilipanda juu ya mswala wake, ikameza nyuzi za pembeni, ikabaki inalia.

"Mwanangu, huyu mgeni wako hana adabu."

Nikamwambia atulie, namwekea mpaka. Unafungua ramani, unachora kisanduku kwa kidole, basi, hapo haiingii. Roomba za mwanzo, mwaka 2002, zilitumia kidude cha betri unachokiweka mlangoni, kinarusha mwanga usioonekana na roboti ikiugusa inageuka. Siku hizi mpaka hauko mlangoni, uko ndani ya ramani. Hapo ndipo nilipoumbuka. Mdogo wangu aliibeba ikiwa kazini akaitua kwingine, ikachanganyikiwa. Na roboti isiyojua iko wapi haiwezi kujua mpaka uko wapi. Ikaenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Alikuwa amesujudu.

Jioni nikamwonyesha ramani ili aelewe kilichotokea. Akakitazama chumba chake kwenye kioo cha simu, muda mrefu. "Na nani mwingine anaiona hii?"

Jamani! Naishi kwa kuuliza watu maswali, hilo sikuwahi kujiuliza. Na nilishasoma, Desemba 2022, ripoti ya MIT Technology Review kuhusu picha zilizopigwa na Roomba za majaribio, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilizoishia mitandaoni. Kampuni ilisema zilikuwa mashine maalumu na waliokuwa nazo walikubali. Yetu haina kamera, nikajitetea. Mama kimya.

Usiku nikasoma masharti niliyoyakubali bila kuyasoma. Ramani inatunzwa kwenye seva zao, nchi gani hawasemi.

Nimeifuta. Sasa roboti naiwasha kwa kitufe, bila intaneti, inafagia sebule. Chumbani kwake mama anafagia mwenyewe, mlango kaufunga.