Shamba la Shangazi

Nilinunua ardhi kwa mtu asiyekuwa na haki ya kuiuza. Kosa ni langu.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu Mzumbe wasiopata nafasi mabwenini hupanga vyumba vijijini, Changarawe na kwingineko. Nami nilitaka kujenga vya kupangisha. Mzee mmoja akanionyesha kipande cha shamba chini ya mlima, chenye migomba na, pembeni, kaburi lililozungushiwa mawe. Nikamuuliza ni la nani. Akasema ni la bibi yake mzaa baba. Nikaridhika kabisa: kama bibi yake amezikwa hapa, shamba ni lake. Tukaandikiana mkataba, mashahidi wakatia saini, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, nikalipa fedha yote taslimu. Mwanasheria ninayefahamiana naye mjini Morogoro alinisihi nisubiri kikao cha halmashauri ya kijiji. Sikusubiri. Muhula ulikuwa unakaribia, na wanafunzi wanne walishanipa kodi ya miezi sita.

Kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta alipokuja bibi mmoja na vijana wake. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hapa unajenga kwa ruhusa ya nani?"

Nikamtajia aliyeniuzia. Akaenda kwenye kaburi, akainama, akawa anang'oa magugu yaliyoota kati ya mawe.

"Huyu ni mama yangu. Huyo unayemtaja ni mtoto wa kaka yangu. Analima hapa kwa sababu baba yake alilima. Ukoo wake yeye ni wa mama yake."

Hapo nikaelewa. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupita njia hiyo hiyo. Kwa mila hiyo mwanamume anaweza kulima shamba la ukoo wa baba yake maisha yake yote, lakini akifa linarudi kwa shangazi zake na watoto wao. Kaburi nililolichukua kuwa ushahidi wa muuzaji lilikuwa ushahidi wa shangazi yake. Na si kwamba sikuwahi kuyasikia haya. Niliyasikia misibani na kwenye vikao vya harusi, nikayaweka katika fungu la mila, mbali na mikataba.

Kumbe sheria haikuyaweka mbali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inazitambua haki za kimila, na idhini ya kuhamisha ardhi ya kijiji inatoka kwa halmashauri ya kijiji, chombo chenye wajumbe kati ya 15 na 25. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Wajumbe hao wamezaliwa na kukulia pale pale. Naamini asingekosekana hata mmoja wa kusema shamba lile ni la ukoo gani. Mimi nilikiona kikao kile kuwa urasimu wa kunichelewesha.

Tulifika baraza la kata, ambalo tangu 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kupatanisha tu. Sikuwa na la kubisha. Ukoo ulichukua shamba lake. Nikaondoa mbao na nondo zilizoweza kutolewa, matofali nikayaacha. Wanafunzi niliwarudishia kodi yote, lakini wakati huo vyumba vya karibu vilikuwa vimejaa; wawili wakapanga mbali, wakawa wanalipa bodaboda kila siku kwenda darasani kwa fedha ambayo hawakuipangia. Hilo linaniuma kuliko matofali.

Muuzaji sikumshtaki. Alikuta baba yake akilima pale, naye akalima mpaka akazeeka. Sidhani kama alikusudia kunidhulumu. Ananirudishia fedha kidogo kidogo baada ya mavuno. Mwaka huu mvua haikuwa nzuri, tumekubaliana alipe mwakani.