Paa la Kariakoo, nondo za Ilala

Kwa mtoto aliyelelewa Ilala, soko la Kariakoo lilikuwa shimoni, ile sehemu yake ya chini ya ardhi. Huko ndiko mama alikokwenda kununua viazi na vitunguu, nami kazi yangu ilikuwa kushika kikapu na kutoachana naye. Macho yalikuwa chini muda wote: kwenye ngazi zenye utelezi, kwenye miguu ya wapagazi waliokuja mbio na magunia mgongoni wakiomba njia. Juu kulikuwa na nini, sikuwahi kujiuliza, mpaka masika fulani mvua ilipotubana sokoni. Ilipiga kwa nguvu ambayo kwetu nyumbani, chini ya mabati, ingetufanya tuongee kwa ishara. Pale mzee mmoja muuza nazi aliendelea kupatana bei na mteja kwa sauti ya kawaida. Nilipomuuliza maji yote yale yanakwenda wapi, akanyoosha kidole kuelekea dari. "Paa linayameza, mwanangu. Yanateremka mpaka kwenye matangi chini ya ardhi."

Nikatazama juu, na naweza kusema kwamba tangu hapo sijaacha.

Paa lile ni mkusanyiko wa miavuli ya zege iliyopinduliwa. Kila mmoja umekaa juu ya nguzo yake na kutanuka kuelekea mbinguni, kwa hiyo mvua haimwagiki pembeni bali hukusanywa katikati. Hewa ya moto, jasho la watu na harufu ya vitunguu vilivyoanza kuoza vinapata pa kutokea juu, na mwanga unaingia bila jua kumchoma muuza mchicha. Aliyelibuni ni Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938 na kwenda kusomea usanifu majengo Israeli wakati ambapo Waafrika wenye taaluma hiyo katika Afrika Mashariki walikuwa wa kuhesabu. Soko lilifunguliwa mwaka 1975. Nimelizunguka mara nyingi nikitafuta pambo, kitu kilichowekwa pale kwa ajili ya kupendeza tu, nikakosa. Kinachopendeza ni kile kile kinachofanya kazi. Naliona kuwa jengo bora kuliko yote yaliyojengwa Dar es Salaam tangu Uhuru, na nasema hivyo nikiyakumbuka yale ya serikali na ya mabenki pia.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa mjomba, kaka wa mama, fundi wa kuchomelea. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, na kazi iliyomlisha ilikuwa nondo za madirisha. Miaka ile kila aliyemaliza kuezeka aliwaza wezi kabla ya kuwaza plasta, hivyo wateja hawakukatika. Lakini hakuna mteja aliyetaka nyumba yake ifanane na selo. Hapo ndipo ufundi ulipoanzia. Mjomba alifagia sakafu ya saruji, akachora dirisha zima kwa chaki kwa ukubwa wake halisi, kisha akaipinda nondo juu ya mchoro mpaka ikaulalia barabara. Alikuwa na jua linalochomoza, alikuwa na tausi, alikuwa na almasi zilizopishana ambazo ukizitazama kwa muda huanza kucheza.

Kulikuwa na ua moja nililolipenda kuliko yote, lenye petali nne pana na kitovu cha duara.

"Mjomba, hili umelitoa wapi?"

"Kwenye khanga ya mama yako," akasema bila kuinua kinyago. "Ile nyekundu. Nenda kaitazame."

Nilikwenda kuitazama. Ua lilikuwa katikati, kwenye mji wa khanga, na vidoti vilivyouzunguka kwenye pindo ndivyo alivyovigeuza kuwa pete ndogo za chuma kuzunguka dirisha lote. Basi nikaanza kuyasoma madirisha ya mtaa wetu kwa mpangilio huo: mji katikati, pindo pembeni. Mengi yalisomeka. Mafundi wa Ilala, Buguruni na Magomeni, ambao wengi hawakuwahi kushika kitabu cha usanifu, walikuwa wamehamisha muundo wa nguo kwenda kwenye chuma, na nyumba zetu za vyumba sita, zenye korido katikati na baraza mbele, zikawa zimevikwa.

Ilinichukua muda zaidi kuujua mji wa katikati, kule Posta na Kisutu, kwa sababu watu wa Ilala tulikwenda huko tukiwa na shida ofisini au hospitalini, na mwenye shida hatazami roshani. Nilipoanza kazi karibu na Mtaa wa Jamhuri ndipo nilipogundua kwamba maghorofa ya wafanyabiashara wa Kihindi yameandikwa juu kabisa jina na mwaka wa kujengwa, kwamba roshani zake zimepinda kwenye kona kufuata barabara, na kwamba hakuna mawili yanayofanana. Mbele zaidi, ukingoni mwa bandari, liko Boma la Kale la wakati wa Sultani Majid, miaka ya 1860, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe. Katika majengo ya aina hiyo upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa kuwa ndizo zilizobeba dari. Ndiyo maana vyumba vya majumba ya zamani ya pwani ni vyembamba na virefu. Mti ulikuwa na mamlaka kuliko tajiri mwenye nyumba.

Upanga na Chang'ombe nikakutana na kazi za Anthony Almeida. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1921 katika familia yenye asili ya Goa, akasoma Bombay, akarudi nyumbani baada ya Vita Kuu ya Pili na kusanifu hapa kwa zaidi ya nusu karne, hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2019. Shule aliyowajengea watoto wa Mtakatifu Xavier na klabu ya Wagoa zina kitu ambacho mtu anayeshinda ndani hukitambua kwanza kwa ngozi. Kuta zina matundu. Vibao vya zege vinalikata jua kabla halijafika dirishani. Upepo wa kaskazi mwezi Januari na wa kusi mwezi Julai umeandaliwa njia ya kuingia na ya kutoka. Chuo Kikuu, Mlimani, yeye ndiye aliyesanifu kanisa ambalo Wakatoliki na Waprotestanti wanalitumia pamoja. Huko huko Mlimani uko Ukumbi wa Nkrumah, ambao Watanzania wengi wameushika mkononi bila kufika, maana ulichapwa nyuma ya noti ya shilingi 500.

Halafu kuna rangi. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru kuja kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, vile vinavyowekwa darini, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Turubai na rangi za mafuta hakuwa na uwezo wa kuvinunua. Alichora mnyama mmoja, chui au ndege, katikati ya uwanja mtupu wa rangi moja au mbili, akauzia Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa akiwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake wakaendelea, na ule uwanja mtupu ukaanza kujaa: majani, vipepeo, kijiji kizima, hospitali, msongamano wa magari. Wapo wanaosema sanaa imeharibika kwa kuwafuata watalii. Mimi napenda vyote viwili, ila nikisimama mbele ya chui wa mwanzo aliye peke yake naelewa kwa nini rangi ya baiskeli ilitosha. Hailainiki, haichanganyiki kirahisi, inamlazimisha mchoraji aamue.

Nikiyaweka pamoja, paa, nondo, kuta za matundu na chui, naona waliovitengeneza wote walianza na kilichokuwepo: mvua, jua, khanga, boriti, kopo la rangi dukani kwa fundi baiskeli. Ubunifu wa Dar ninaoupenda haukuletwa ukiwa umekamilika.

Sasa unaletwa hivyo. Kuanzia miaka ya 2000 katikati ya mji pameota minara ya vioo, mingi ikisimama juu ya viwanja vya yale maghorofa yenye jina na mwaka. Kioo kinachopokea jua la Februari bila kivuli chochote kinahitaji kiyoyozi asubuhi hadi jioni, na umeme ukikatika wafanyakazi wanatoka nje kutafuta hewa barabarani. Nyumbani, madirisha ya mbao na ya luva yamepisha aluminiamu ya kuteleza, ambayo hufunguka nusu tu hata ukiifungua yote. Nondo zinatengenezwa kwa bomba la pembe nne lililonyooka, na maua yanakuja kwenye maboksi, tayari, ya kupachika. Simlaumu mwenye nyumba. Ni rahisi na zinamalizika kwa siku moja. Lakini mtaa unaojengwa hivyo hausomeki tena, na mnunuzi wa umeme wa LUKU ndiye anayelipia ule upepo uliofungiwa nje.

Usiku wa Julai 10, 2021 soko la Kariakoo liliungua. Nilikesha na simu mkononi nikitazama picha za moshi ukitoka katikati ya nguzo. Wafanyabiashara walipoteza mali na mitaji, na hilo ndilo lililokuwa kubwa. Bado nilikuwa na hofu nyingine moyoni, kwamba kitakachofuata ni kijiko na kubomoa. Serikali iliamua soko lile likarabatiwe na jingine lijengwe ubavuni mwake, nami nilifurahi kana kwamba nimerudishiwa mtu wa kwetu. Uamuzi kama ule haujatolewa kwa majengo mengi.

Mimi si msanifu wala sina cheo cha kuzuia jengo lisivunjwe. Ninachoweza ni kutembea. Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa na magari yakiwa machache, napiga picha: mwaka ulioandikwa juu ya ghorofa, ukuta wa matundu, dirisha. Nikibisha hodi na kueleza ninachotaka, wenye nyumba hukaribisha, na mara nyingi wanakumbuka ni nani aliyetengeneza kuliko wanavyokumbuka ilikuwa lini.

Wasipokumbuka, nampelekea mjomba. Kazi ameiacha kwa sababu ya macho, lakini akiivuta picha kwenye simu ikawa kubwa haangalii ua, anaangalia maungio. "Huyu amejifunza chuo cha VETA, ona anavyosaga. Huyu ni wa Buguruni." Kuna moja nilikuwa na uhakika ni yake, akaikataa papo hapo: pindo limekatwa kwenye kona, naye alikuwa akilizungusha. Majina anayonipa nayaandika pamoja na mtaa, na mwaka pale unapopatikana. Ilala Bungoni tumeimaliza. Tunahamia Magomeni, na yeye ameshaniambia tuanze na nyumba zilizowekewa alama ya X nyekundu, ya kubomolewa.